Gololi za Kale Zenye Kasoro: Namna ya Kuzitambua na Kuzithamini Kabla ya Kununua au Kuuza

Mada iliyowasilishwa katika semina ya elimu kwa mlaji



Huenda wapo miongoni mwenu waliotabasamu waliposoma kichwa cha mada hii. Gololi ni mchezo wa watoto. Hununuliwa dukani kwa bei ndogo, huchezwa mchangani, na hupotea pasipo mtu kuomboleza. Ni nini basi kilichotusukuma sisi tunaosimamia haki katika biashara kuzitengea nafasi katika semina hii? Jibu ni kwamba gololi inapopewa sifa ya kuwa "ya kale" hugeuka kuwa bidhaa ya namna nyingine kabisa. Haiuzwi tena kwa matumizi yake, bali kwa maneno yasemwayo juu yake: ilitoka wapi, ilitengenezwa lini na nani, na imebaki katika hali gani. Bei yote husimama juu ya maelezo. Na palipo na bei iliyosimama juu ya maelezo, hapo ndipo mlaji anapohitaji kuwa na macho mawili na subira moja.

Wakusanyaji wengi wa gololi wako Marekani na Ulaya, lakini intaneti imefuta umbali. Leo Mtanzania aliyeko Mwanza anaweza kununua gololi kutoka kwa mtu wa Ohio, na mwingine aliyerithi kopo la gololi kutoka kwa jamaa aliyeishi Ujerumani anaweza kutafutiwa mnunuzi siku hiyohiyo. Wa kwanza yumo katika hatari ya kulipa fedha nyingi kwa kitu kisicho na thamani. Wa pili yumo katika hatari ya kuuza kitu cha thamani kwa bei ya kutupa, au, jambo lililo baya zaidi, kukiharibu kwa nia njema kabla ya kukiuza. Hawa wawili ndio ninaozungumza nao leo.

Neno langu kuu ni moja. Kasoro si kitu kimoja. Ipo kasoro iliyozaliwa pamoja na gololi, lipo jeraha ililolipata ikitumika, na ipo kasoro iliyofichwa na mkono wa mtu. Ya kwanza mara nyingi ni shahidi wa asili yake. Ya pili ni hasara inayoweza kupimwa. Ya tatu ni hasara inayofuta ushahidi, na ndiyo inayopaswa kumtia mnunuzi wasiwasi kuliko zote. Anayeshindwa kuzitenganisha hizi tatu hawezi kujua anachokinunua.

Utambulisho hutangulia bei

Haifai kuuliza "kasoro hii inapunguza bei kwa kiasi gani?" kabla ya kuuliza "hii ni gololi gani?" Ufa mmoja huweza kuiondolea gololi ya kawaida thamani yote ya ukusanyaji, na ufa uleule ukaiachia gololi adimu sehemu kubwa ya bei yake. Kwa hiyo tuanze na asili.

Gololi za kioo zinazotafutwa zaidi zina vyanzo vikuu viwili. Cha kwanza ni Ujerumani. Katika mji wa Lauscha, kwenye milima ya Thuringia, kiwanda cha kioo kilianzishwa mwaka 1597, na katika miaka ya 1840 ulibuniwa huko mkasi maalumu wa kutengenezea gololi. Fundi aliandaa mche mrefu wa kioo cha moto wenye nyuzi za rangi ndani yake, akaingiza ncha ya mche huo katika kikombe kidogo kilichokuwa kwenye mkasi, akauzungusha mpaka ukaviringika, kisha akaukata. Gololi hizo zilisafirishwa kwa wingi kwenda Marekani hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipovuruga biashara hiyo.

Chanzo cha pili ni Marekani kwenyewe. Mwaka 1905 Martin F. Christensen wa Akron, katika jimbo la Ohio, alipata hataza ya mashine ya kuviringisha vitu vya duara. Kampuni ya Akro Agate ilianzia Akron, ikahamia Clarksburg katika jimbo la West Virginia mwaka 1914, na kufungwa mwaka 1951. Peltier ilifanya kazi katika mji wa Ottawa, jimbo la Illinois. Ilikuwapo pia Christensen Agate ya mji wa Cambridge, Ohio, ambayo licha ya jina lake haikuwa kampuni ya Martin Christensen niliyemtaja. Naomba jambo hilo la mwisho mlikumbuke, kwani maelezo mengi ya wauzaji huchanganya kampuni hizi mbili, na bei za gololi zake hazifanani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hasa kuanzia miaka ya mwanzo ya 1950, soko la Marekani lilifurikwa na gololi kutoka Japani: kioo kinachopitisha mwanga, na ndani yake majani membamba ya rangi yanayofanana na mboni ya jicho la paka. Aina hiyo iliigwa kila mahali, na bado inatengenezwa. Ndiyo tunayoijua sote tangu utotoni. Kwa hiyo mwenye kopo la gololi nyumbani na aanze na dhana kwamba alicho nacho ni aina hiyo, mpaka ushahidi useme vinginevyo. Huko si kuvunjana moyo. Ni kuanzia mahali salama.

Vifaa na namna ya kutazama

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: lenzi ya kukuzia, taa yenye mwanga mkali, rula au kifaa cha kupimia kipenyo, kitambaa safi na laini, na meza iliyotandikwa nguo nene. Gololi nyingi za kuchezea zina kipenyo cha milimita 16 hivi. Zilizo kubwa zaidi, hasa za mkono, huwa adimu kadiri ukubwa unavyoongezeka.

Ishike gololi chini ya taa na uizungushe polepole ukitafuta ncha zake mbili, kama mtu atafutaye ncha za dunia kwenye tufe la darasani. Gololi ya mkono ya Kijerumani iliyokatwa kutoka kwenye mche kwa kawaida ina makovu mawili, moja kila ncha, pale mkasi ulipokata. Kovu huwa gumu kidogo kwa kidole, na wakati mwingine limesuguliwa mpaka likawa na vibapa vidogo. Nyuzi za rangi zilizomo ndani huanzia kwenye kovu moja na kuishia kwenye jingine, kwa sababu ndivyo mche ulivyokuwa.

Gololi ya mashine haina kovu la namna hiyo. Donge la kioo cha moto lilikatwa kwa makasi na kudondokea kati ya roli mbili zenye mifuo, nazo zikalizungusha huku likisogea mbele hadi likapoa. Alama zake ni mishono midogo, mahali ambapo rangi zinakutana au kukunjika. Katika gololi za awali za Christensen wa Akron, ambazo kioo chake kilichotwa kwa mkono, mara nyingi utaona upande mmoja mzunguko wa rangi unaofanana na tarakimu 9, na upande wa pili mkia pale kioo kilipokatwa. Mkanda wa rangi unaozunguka kama uzi wa skrubu kutoka ncha moja hadi nyingine ni alama ambayo wakusanyaji huinasibisha na Akro Agate.

Vipi kuhusu gololi yenye kovu moja tu? Hapo pana mtego. Zipo gololi za kale zenye kovu moja, na gololi nyingi za mafundi wa sanaa wa siku hizi nazo zina kovu moja. Kovu peke yake halithibitishi umri. Mafundi wa leo wengi huchora saini zao chini ya gololi, lakini saini husagika, na mahali ilipokuwa pakabaki laini kuliko kwingine. Ukiona sehemu ya namna hiyo, uliza.

Mwanga wa urujuanimno nao hutajwa sana. Gololi iliyotiwa urani hung'aa rangi ya kijani chini ya mwanga huo, na wauzaji hulifanya jambo hilo kuwa hoja. Ukweli ni kwamba kung'aa kunathibitisha kuwamo kwa urani, wala hakuthibitishi mwaka wa kutengenezwa. Vivyo hivyo, majina ya aina si ushahidi wa kilichomo. Gololi ziitwazo Lutz, zenye michirizi inayometa kama dhahabu, zimepewa jina la fundi Nicholas Lutz aliyefanya kazi Marekani. Zenyewe zilitengenezwa Ujerumani, na kinachometa ndani yake ni chembe za shaba. Nyingine zenye vimeto vya rangi ya fedha zina vipande vya ulanga. Hakuna dhahabu wala fedha ndani yake. Thamani yake haitokani na madini, bali na uchache, uzuri na hali.

Kasoro za kuzaliwa

Sasa tufike kwenye kasoro zenyewe. Kioo kilipokuwa bado cha moto kiliweza kunasa hewa, majivu au vipande vya tanuri. Viputo vidogo katika gololi ya mkono ni jambo la kawaida. Kiputo kilichopasuka juu ya uso huacha kishimo. Mikunjo hutokea pale kioo kilichoanza kupoa kilipokunjamana juu ya chenzake. Nyuzi za katikati huweza kukosekana upande mmoja, au gololi yenyewe isiwe duara kamili. Hizi zote ni nyayo za kazi ya binadamu. Gololi inayodaiwa kuwa ya mkono ya karne ya 19 ikiwa duara pasipo dosari hata chembe, hiyo ndiyo inayostahili maswali zaidi.

Utazitenganishaje na majeraha? Angalia kingo kwa lenzi. Kishimo kilichotokea kioo kikiwa cha moto kina kingo zilizoyeyuka, laini, za mviringo, na ndani yake uso ni uleule wa nje. Kipande kilichobanduka kioo kikiwa kimepoa huacha kingo kali, na ndani yake utaona mawimbi madogo yanayofuatana kama mistari ya ganda la kombe. Kipimo hiki ni rahisi, hakigharimu kitu, na humaliza mabishano mengi.

Ipo kasoro moja ya kuzaliwa inayohitaji tahadhari zaidi, nayo ni ufa wa kupoa. Kioo hakina budi kupozwa taratibu. Kikipoa haraka, sehemu ya nje hukaza kabla ya ndani, na mvutano unaobaki huweza kukipasua siku hiyohiyo au baadaye sana. Ufa huo hauna alama ya kugongwa juu yake. Ijapokuwa ni wa kiwandani, hupunguza thamani, kwa maana waweza kuendelea. Muuzaji mwaminifu huutaja.

Katika gololi zenye sanamu, yaani zile za kioo kisicho na rangi zenye umbo jeupe la mnyama au mtu ndani yake, kasoro za kuzaliwa zina uzito wa pekee. Umbo hilo huonekana kama la fedha kwa sababu ya tabaka jembamba la hewa lililolizunguka. Sanamu ikiwa imeegemea upande mmoja, imevunjika mguu, au imefunikwa na kiputo kikubwa, bei hushuka. Sanamu iliyo katikati, inayosimama wima na kuonekana vyema, hupandisha bei.

Majeraha ya matumizi

Gololi zilichezwa. Zilipigizana, zikaanguka kwenye mawe, zikakaa mifukoni pamoja na misumari na funguo. Wakusanyaji hutenganisha majeraha kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni mikwaruzo ya juu juu. Ya pili ni alama ndogo za nusu duara zilizo chini ya uso, mithili ya mwezi mwandamo. Gololi imegongwa, lakini hakuna kilichotoka. Ya tatu ni kubanduka kwa magamba membamba. Ya nne ni pengo, ambapo kipande chenye kina kimetoka. Ya tano ni ufa unaopenya ndani.

Gololi zilizofukuliwa ardhini ni kundi lake. Unyevu na kemikali za udongo hula uso wa kioo, nao ukawa mkavu na wenye ukungu. Rangi za ndani huonekana kwa shida, na utambulisho huwa mgumu. Hapa mnunuzi asilipe kwa kile anachodhani kimo ndani, bali kwa kile anachokiona.

Wengi wa wakusanyaji wa Marekani hutumia kipimo cha alama 10. Kuanzia 9.0 hadi 10 ni gololi iliyo kama ilivyotoka kiwandani. Kuanzia 8.0 hadi 8.9 ni iliyokaribia hali hiyo, yenye majeraha machache madogo. Kuanzia 7.0 hadi 7.9 ni hali nzuri yenye majeraha yanayoonekana. Chini ya 7.0 ni zile zinazohifadhiwa kwa ajili ya aina yake tu, mpaka mkusanyaji apate nyingine bora. Faida ya kipimo hiki ni kwamba humlazimu muuzaji kusema jambo linaloweza kukaguliwa. Udhaifu wake ni kwamba alama hutolewa na macho ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ndiye anayeuza. Tarakimu bila picha na bila maelezo ya majeraha ni pambo tu.

Kasoro zilizofichwa

Nimefika kwenye sehemu ninayotamani isikike kuliko nyingine zote. Methali yetu yasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii kibaya hujitembeza kikiwa kimeng'arishwa.

Gololi yenye majeraha huweza kusagwa upya na kung'arishwa mpaka mikwaruzo ikatoweka. Kwa macho ya mgeni imekuwa bora. Kwa macho ya mkusanyaji imepoteza uso wake wa asili, imepungua ukubwa, na mara nyingi imepoteza makovu yale mawili ambayo ndiyo yalikuwa hati yake ya kuzaliwa. Katika aina ambazo rangi zake ziko karibu na uso, usagaji hukata nyuzi na kuziacha zimekatika. Kwa sababu hizo, gololi iliyong'arishwa kwa kawaida huuzwa kwa bei ndogo kuliko ya aina ileile yenye uso wa asili uliohifadhika. Kuing'arisha si kosa. Kosa ni kuiuza bila kusema.

Dalili za usagaji ni hizi: uso unaoteleza kupita kiasi, usio na alama yoyote ya umri, mistari midogo sana inayokwenda sambamba, makovu yasiyoonekana katika gololi ya mkono, nyuzi za nje zilizokatwa ghafla, na jeraha la ndani, kama zile alama za mwezi, lililobaki chini ya uso ulio safi kabisa. Dalili hii ya mwisho ni ya kuaminika, kwani huwezi kuwa na kidonda chini ya ngozi isiyoguswa.

Njia nyingine za kuficha ni kujaza pengo kwa gundi inayofanana na kioo, ambayo huweza kuonekana tofauti chini ya mwanga wa urujuanimno, na kupaka mafuta au maji kabla ya kupiga picha ili mikwaruzo isionekane. Zipo pia gololi zilizopashwa moto kisha kutumbukizwa katika maji baridi ili zipasuke ndani na kumetameta. Hilo ni pambo la nyumbani linalojulikana, na nyufa zake si dalili ya ukale.

Kisha kuna uigaji. Peltier ilitengeneza gololi zenye picha za wahusika wa katuni za magazetini, na picha za namna hiyo zimebandikwa baadaye kwenye gololi zisizo na picha. Masanduku ya zamani ya viwanda yameigwa pia, kisha yakajazwa gololi za kawaida. Sanduku na kilichomo ni vitu viwili. Kila kimoja kithibitishwe peke yake.

Mfano wa kupima

Tuchukulie mezani pana gololi tatu. Ya kwanza ni ya mkono, ya Kijerumani, kipenyo milimita 40, ina makovu yake yote mawili, nyuzi za rangi zimekamilika, na juu yake kuna alama kadhaa za mwezi na gamba moja lililobanduka. Ya pili ni ya aina na ukubwa unaokaribia huo, inang'aa kama kioo kipya, haina mkwaruzo, na haina kovu. Ya tatu ni ya jicho la paka, safi, haijawahi kuchezwa.

Asiyejua atazipanga kwa mng'ao: ya pili, ya tatu, kisha ya kwanza. Mkusanyaji kwa kawaida atazipanga hivi: ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu. Ya kwanza ina majeraha, lakini kila linalosemwa juu yake laweza kukaguliwa. Ya pili imebaki na uzuri, ikapoteza sehemu ya ushahidi. Ya tatu haina kasoro, lakini haina uchache. Usafi pekee haumpi mtu sababu ya kulipa. Jeraha hukatwa kwenye thamani iliyokuwapo, nalo haliwezi kukata wala kuongeza pale ambapo thamani haikuwapo.

Na bei yenyewe ipatikane wapi? Isipatikane kwenye bei ambazo wauzaji wameandika, kwa sababu bei iliyoandikwa ni tamanio. Tafuta bei zilizolipwa kweli, katika minada iliyokwisha, kwa gololi ya aina, ukubwa na hali ileile. Ukipata moja, hiyo ni habari. Ukipata kadhaa zinazokaribiana, huo ni mwongozo.

Sheria inasemaje

Kwa mauzo yanayofanyika hapa nchini, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka sharti kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Aliyeandika "ya mkono, ya Ujerumani, haijang'arishwa" amejifunga kwa kila neno. Lakini sheria hiyohiyo ina upande wa pili: mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kuegemea sharti la ubora kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo ukipewa gololi mkononi, itazame kweli. Ukaguzi wa kuoneana haya ni hasara yako mwenyewe.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya kupotosha, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Kwa anayenunua kutoka kwa muuzaji wa nje ya nchi, kinga zetu humfikia kwa shida. Huyo asome masharti ya kurejesha bidhaa kabla ya kulipa, na atumie njia ya malipo inayoacha kumbukumbu.

Kabla ya kununua, omba yafuatayo kwa maandishi: picha za ncha zote mbili, picha chini ya mwanga wa ubavuni, gololi ikiwa kavu, picha kando ya rula, jibu la ndiyo au hapana kwa swali kama imewahi kusagwa, kung'arishwa au kujazwa, sababu za kuitaja kampuni au nchi fulani, na muda wa kurejesha. Hifadhi majibu hayo pamoja na risiti. Muuzaji anayekwepa swali la kung'arishwa amekwisha kulijibu.

Kwa upande wa anayeuza, nasaha ni fupi. Usisage, usipake mafuta, usijaribu kurekebisha. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kausha, weka kila moja peke yake ili zisigongane. Taja kasoro zote, za kuzaliwa na za matumizi, na pale usipokuwa na uhakika wa kiwanda eleza kile unachokiona: kovu, mshono, rangi, kipenyo. Maelezo ya aina hiyo hayawezi kukuletea kesi, na mnunuzi mwenye ujuzi huyapendelea kuliko sifa. Wala usikubali kuuza kopo zima kwa bei ya jumla kabla ya kuzitenga gololi zenye makovu na zile zisizo nayo. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na ndiyo inayoweza kumwokoa mjane au yatima asipokonywe urithi wake kwa neno "vitu vya watoto tu."

Ndugu zangu, soko la haki halihitaji bidhaa zisizo na kasoro. Lahitaji kasoro zilizotajwa kwa majina yake, ili mwenye kutoa fedha ajue anachokitolea, na mwenye kutoa mali ajue anachokiachia.